Kufanya kazi na akili mnemba bila kuikabidhi dhamana

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anatumia akili mnemba kazini, au ofisi yake imeanza kuitumia, na anataka kujua aipe nini, ainyime nini na akague vipi. Mimi kazi yangu ni kuhariri ripoti na nyaraka za watu wengine. Programu hizi zimekuwa mezani pangu tangu muda mfupi baada ya ChatGPT kutoka, Novemba 2022, na utaratibu huu ndio ninaoufuata. Msingi wake ni mmoja: mashine inaweza kufanya kazi, ila haiwezi kuijibia. Haishtakiwi wala haifukuzwi. Atakayeitwa kueleza ni wewe.

Hatua ya 1: Pima kazi kabla ya kufungua programu

Chukua kazi unayotaka kuipeleka, kisha jiulize maswali mawili. Ikitoka na kosa, nani ataumia na je, kosa hilo linarekebishika? Halafu: nitajuaje kwamba kuna kosa? Wengi huishia kwenye swali la kwanza, ilhali la pili ndilo zito. Orodha ya majina iliyopangwa kwa alfabeti, ukiitupia jicho tu unajua kama imekosewa. Muhtasari wa mkataba wa kurasa 40 ambao hujausoma ni jambo jingine kabisa: utauamini kwa sababu umeandikwa vizuri, basi.

Kazi nisiyo na namna ya kuikagua siipeleki, hata iwe ndogo kiasi gani. Na pale ambapo kosa halirudi nyuma, kama vile kipimo cha dawa, malipo au barua ya kumwachisha mtu kazi, mashine inaweza kuandaa rasimu, lakini anayeidhinisha awe mtu, tena mtu aliyesoma.

Hatua ya 2: Andika jina la mwenye kazi

Jina la mtu, si la idara. Likiandikwa "timu ya mawasiliano", siku mambo yakiharibika kila mmoja atamtazama mwenzake.

Wapo waliojaribu kuisukumia mashine lawama. Mwaka 2024, baraza moja la usuluhishi katika jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua shauri la abiria ambaye roboti wa gumzo (programu inayojibu maswali ya wateja) kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada alimpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya wafiwa. Utetezi wa shirika hilo ulifikia mahali pa kumfanya roboti aonekane kama chombo kinachojitegemea, kinachobeba mzigo wake chenyewe. Baraza halikukubali. Maelezo yote ya kwenye tovuti ni ya mwenye tovuti, na abiria akaamriwa alipwe.

Hatua ya 3: Safisha unachopeleka

Kabla ya kubandika chochote, ondoa majina, namba za simu, namba za akaunti na habari za afya. Weka "Mteja A" na "Mteja B", na ufunguo wa nani ni nani ubaki kwenye faili lako. Usisahau vilivyojificha: maoni ya pembeni mwa waraka, historia ya mabadiliko, karatasi ya pili ya lahajedwali, jina la mtu kwenye kona ya picha ya skrini. Mara nyingi siri huvuja kupitia viambatisho, si kupitia maandishi yenyewe.

Kisha ingia kwenye mipangilio uone kama mazungumzo yako yanatumika kuifunza mashine, na kama unaweza kuzima. Hata ukizima, usipeleke kitu ambacho mwenyewe angekasirika kukikuta huko.

Hatua ya 4: Toa agizo lenye mipaka

Agizo la "nifupishie hii" linaiachia mashine iamue lipi ni muhimu. Mfano wa agizo ninalotumia kwa kumbukumbu za vikao:

*"Fupisha kumbukumbu zilizo hapa chini katika aya mbili. Tumia yaliyomo humu peke yake. Kila uamuzi uambatane na namba ya ajenda ulikotoka. Tenganisha kilichoamuliwa na kilichojadiliwa tu. Jambo lisilokuwemo, andika 'haimo', usikisie."*

Sentensi ya tatu ndiyo inayonisaidia zaidi. Namba ya ajenda haizuii kosa, ila inanipa mahali pa kulitafuta.

Hatua ya 5: Kagua, na ukague kwa mpangilio

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanaporuka.

Elewa kwanza unachokagua. Mashine ya lugha huunda sentensi kwa kukadiria kipande gani cha neno kifuate kingine, kutokana na maandishi mengi iliyofunzwa. Ufasaha wake kwa hiyo si ushahidi wa ukweli. Mwandishi binadamu asiye na uhakika mara nyingi utamgundua kwa jinsi anavyositasita. Mashine hukosea kwa sauti ileile inayosemea kweli. Na kwa kuwa imelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, ukiitumia kwa Kiswahili kaza macho zaidi.

Mimi huanza na vitu vigumu: majina, tarehe, namba, nukuu, viungo vya tovuti. Kila kimoja nakirudisha kwenye chanzo. Halafu nageukia vitenzi, maana huko ndiko makosa mabaya hulala. Tazama mfano huu. Kumbukumbu za kikao, ajenda ya 4, zinasema:

*"Wajumbe walijadili uwezekano wa kuahirisha mafunzo hadi robo ya tatu. Mhasibu aliombwa kuleta makadirio."*

Muhtasari wa mashine:

*"Kikao kiliahirisha mafunzo hadi robo ya tatu (ajenda ya 4)."*

Namba ya ajenda ni sahihi, robo ni ileile, tahajia haina doa. Lakini mazungumzo yamegeuzwa uamuzi, na mhasibu ametoweka pamoja na kazi aliyopewa. Anayepokea muhtasari huu anaweza kufuta ukumbi uliokwisha kulipiwa. Kwa hiyo pitia kila "iliamua", "ilithibitisha", "imesababisha", "wote" na "kamwe", uulize kama chanzo kinaibeba. Mwisho fanya ukaguzi wa kinyume: soma chanzo, kisha tafuta kilichoachwa. Kilichoongezwa kitakushtua ukikisoma; kilichoachwa hakionekani mpaka ukitafute.

Usiiulize mashine "una uhakika?" ukadhani umekagua. Mwaka 2023, mawakili katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca huko New York waliwasilisha mahakamani hukumu za zamani ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikamjibu kuwa ni ya kweli. Jaji Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Kuzitafuta hukumu hizo kwenye hifadhi ya mahakama kungemaliza mambo mapema.

Kuna hatari nyingine ya polepole. Mashine ikipatia mara nyingi mfululizo, jicho huanza kulala. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliliandika hili mwaka 1983 akizungumzia mitambo ya viwandani: kadiri kazi inavyoachiwa mtambo, ndivyo binadamu aliyebaki kuusimamia anavyopungukiwa na mazoezi, wakati yeye ndiye anayetegemewa mambo yakikwama. Dawa ninayoitumia ni kuandika maoni yangu, hata mistari miwili, kabla ya kusoma jibu la mashine. Ukilisoma kwanza, akili yako itazunguka humo humo.

Hatua ya 6: Ikiwa inahusu hatima ya mtu, simama

Kuchuja maombi ya kazi, kutoa mkopo, kupanga alama za wanafunzi, kumtambua mtu kwa sura: haya hayafanani na muhtasari wa kikao. Amazon ilitengeneza programu ya kuchambua wasifu wa waomba kazi kisha ikaiacha, na shirika la habari la Reuters lilipoieleza habari hiyo mwaka 2018 ilibainika kuwa programu ilijifunza kuwashusha wanawake, kwa sababu wasifu iliofunzwa nao ulitoka zaidi kwa wanaume. Mwaka huohuo watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kibiashara za kutambua jinsia kwa sura. Kwa wanawake weusi kiwango cha makosa kilifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hakikuzidi asilimia 0.8.

Kama huna budi kuitumia katika eneo hili, hakikisha aliyeamuliwa anajua kwamba mashine ilihusika, na ana mtu wa kumwendea akitaka uamuzi uangaliwe upya. Mtu huyo lazima awe na uwezo wa kweli wa kuutengua. Msimamizi anayegonga muhuri kwenye kila pendekezo si usimamizi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu Mei 2018, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, isipokuwa kwa masharti maalumu. Hata usipobanwa na sheria hiyo, kipimo chake kinafaa.

Hatua ya 7: Sema ulichotumia

Sentensi moja inatosha: *"Rasimu ya kwanza ya muhtasari huu iliandaliwa kwa akili mnemba, nimeilinganisha na kumbukumbu kamili na ninawajibika kwa yaliyomo."* Nusu ya pili ndiyo yenye uzito. Ukishindwa kuiandika kwa dhati, rudi hatua ya 5. Kusahihisha tahajia hakuhitaji tangazo, kwa maoni yangu.

Hatua ya 8: Weka daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni muda wako. Weka jedwali lenye safu chache: kazi, muda wa kuandaa agizo, muda wa kukagua, makosa yaliyopatikana, aliyeidhinisha. Lipitie kila mwisho wa mwezi. Kuna kazi utakazokuta mashine inakuokolea saa nyingi na makosa ni machache, hizo ziendelee. Kuna zile ambazo ukaguzi wake unakula muda kuliko kuzifanya kwa mkono, ingawa wakati wa kuzifanya ulihisi unakwenda kasi. Hizo zitoe kwenye orodha na umkabidhi mtu, ikiwezekana yule mgeni kazini ambaye bado anajifunza kusoma mkataba mwenyewe. Toleo jipya la programu likija, lijaribu kwanza kwa nyaraka za zamani ambazo majibu yake unayajua, kabla ya kulipa nyaraka za leo.