Jinsi ya Kuipangia Safu ya Milima Kanda Yake: Mfano wa Rwenzori

Ukiandaa ramani au jedwali la milima ya Afrika, Rwenzori itakusimamisha. Wengi huandika "Afrika Mashariki" wakasonga mbele. Mimi naifanya hivi.

Hatua ya 1: Taja nchi kabla ya kanda. Ifuate safu kwenye ramani yenye mipaka, toka ncha hadi ncha. Rwenzori iko Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani, na ndicho kirefu kuliko vyote katika nchi zote mbili.

Hatua ya 2: Chagua mgawanyo mmoja wa kanda. Kwenye takwimu za Umoja wa Mataifa, Uganda ni Afrika Mashariki na Kongo ni Afrika ya Kati. Umoja wa Afrika unakubaliana na hilo, ila Burundi, ambayo Umoja wa Mataifa unaiweka Mashariki, wenyewe wanaihesabu Kati. Ukichukua Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo nayo imo tangu 2022. Ukichanganya migawanyo hii katika jedwali moja, halitaaminika tena.

Hatua ya 3: Ruhusu kanda mbili. Andika "Mashariki, Kati". Ukiifuta Kati, anayetafuta mlima mrefu kuliko yote Afrika ya Kati ataletewa Karisimbi, volkano ya safu ya Virunga kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo, ambao Margherita inaupita kwa takriban mita 600. Kosa hilo nalichukia, maana mwanafunzi atalikariri kama ukweli.

Hatua ya 4: Ukilazimishwa kuchagua kanda moja, fuata maji. Mito ya Rwenzori ya upande wa Kongo huingia Semliki, Semliki ikamwaga Ziwa Albert, na kutoka hapo ni Nile, sawa na mito ya upande wa Uganda. Kwa hiyo Mashariki inatetewa. Lakini usiitumie njia hii kwa Virunga, kwani volkano zile ndizo zinazogawa maji: ya kaskazini huenda Ziwa Edward hadi Nile, ya kusini hupitia Kivu, Rusizi na Tanganyika hadi mto Kongo. Virunga ibaki na kanda mbili, hata mchapishaji akinung'unika.

Hatua ya 5: Chini ya ramani weka maelezo haya: "Kanda ni kwa mgawanyo wa Umoja wa Mataifa. Safu hii inavuka mpaka wa Uganda na Kongo."