Namna ya kuufuata mjadala wa wahamiaji Uingereza, na kupiga kura ukiwa bado na viza

Wadogo zangu mliokuja Uingereza miaka hii ya karibuni, wengi wenu kwa kazi ya kea, yaani kuwatunza wazee na wagonjwa, nawasikia mkisema siasa za huku haziwahusu. Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Leicester, nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, na nawaambia zinawahusu kuliko zinavyomhusu mwenyeji. Yeye serikali isiyomfaa ikiingia atanung'unika kodi. Wewe unaweza kuambiwa mumeo asije.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kuuliza: hapa anasemwa nani?

Kazini kwetu televisheni ya sebuleni haizimwi. Kuna babu mmoja wa miaka tisini na kitu, habari za maboti zikianza hupandisha sauti kwa rimoti, anasonya, halafu ananigeukia: "Si wewe, mwanangu. Nawasema wale." Kisha anaomba biskuti. Babu ana moyo mzuri tu, lakini sheria haitofautishi kama yeye. Mwanasiasa akisema wahamiaji wamezidi, ndani ya kapu hilo mna mwanafunzi anayelipa ada nene, muuguzi, mke aliyemfuata mume, mwomba hifadhi aliyevuka bahari kutoka Ufaransa kwa boti ya mpira, na wewe. Kila mmoja ana masharti yake. Hasira huzaliwa kwa mmoja, kanuni ikamwangukia mwingine. Mchana kutwa ziliimbwa boti, na waliozuiwa kuleta wake, waume na watoto kuanzia Machi 2024 ni watu wa kea, waliokuja kwa ndege na viza mkononi.

Takwimu nazo zina ujanja wake. Namba inayopigiwa kelele kila Mei na Novemba ni walioingia ukitoa walioondoka, na huhesabiwa wanaokaa mwaka mzima au zaidi, wanafunzi wakiwemo. Katika mwaka ulioishia Juni 2023 ilipita 900,000. Katika mwaka ulioishia Juni 2025 ilikuwa imeshuka hadi kama 204,000. Sasa linganisha na waliovuka kwa boti ndogo: mwaka 2024 wote walikuwa karibu 37,000. Ukimsikia mtu anataja namba, muulize ni ya mwaka gani, ni ya walioingia tu au imetolewa walioondoka, na boti ni ngapi humo. Wengi hukwama kwenye swali la pili. Hili nalo lijue, maana utalisikia hata kwenye basi, kwamba tunakula posho za serikali. Viza nyingi za kazi na za wanafunzi zimeandikwa wazi kwamba mwenye nazo haruhusiwi posho hizo, na tangu Februari 2024 mtu mzima anayeomba viza ya kazi kwa kawaida hutozwa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa ajili ya hospitali, juu ya kodi anayokatwa kwenye mshahara. Watu wa kea wenye viza maalumu ya afya wamesamehewa ada hiyo. Usije ukabishana na mtu kwa hoja isiyo yako.

Ukitaka kujua nani mkali na nani mpole, usiangalie sura wala jina. Rishi Sunak, aliyekuwa waziri mkuu hadi Julai 2024, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Wazazi wa Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, walitoka Uganda. Baba yake Suella Braverman, aliyeshika wizara hiyo hiyo baada yake, alitoka Kenya. Wote watatu waliongoza kwa tiketi ya chama cha Conservative. Tungeweza kukaa nao kibarazani tukala mbaazi kwa mahamri. Na ni Patel aliyetia saini Kigali, Aprili 2022, mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, ambao Mahakama ya Juu ilisema Novemba 2023 kuwa si halali, na chama cha Labour kikaufuta kilipoingia madarakani.

Msidhani basi kwamba Labour ndio wajomba zetu. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walipoanza kukimbilia huku, serikali ya Labour ndiyo iliyopitisha bungeni, kwa siku chache tu, sheria ya kuwabana. Miaka minne baadaye Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90, na halmashauri ya mji huu huu ninaoishi ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester. Walikuja. Nusu ya maduka ninayonunua mihogo na mchele ni ya watoto na wajukuu wao. Mei 2025 Keir Starmer, akiwa waziri mkuu, naye wa Labour, alihutubia akisema nchi inaweza kugeuka kisiwa cha watu wasiojuana. Wengi wakakumbuka hotuba ya kupinga wahamiaji ya Enoch Powell, mbunge wa Conservative, aliyoitoa Birmingham, Aprili 1968, iliyomfanya afukuzwe uongozini na chama chake mwenyewe. Mwezi uliofuata Starmer akasema anajuta kutumia maneno yale. Sera zenyewe hazikurudi nyuma: kuanzia tarehe 22 Julai mwaka ule kuajiri watu wa kea kutoka nje kulifungwa.

Hapo mjifunze kutenganisha hotuba, pendekezo na kanuni. Starmer alipotangaza kwamba ukaazi wa kudumu utangojewa miaka kumi badala ya mitano, simu yangu ilijaa sauti za watu wanalia kwenye magrupu ya WhatsApp, kana kwamba wamefukuzwa siku ile ile. Lilikuwa pendekezo. Kanuni ya viza hubadilika pale serikali inapowasilisha bungeni tamko rasmi la mabadiliko, lenye tarehe ya kuanza na maelezo ya nani linamgusa. Lisome hilo, au umpelekee mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji. Kaka yako wa kwenye grupu, hata akiwa na sauti ya imamu, si mshauri.

Uvumi ndio mbaya zaidi, maana unaweza kukuletea mawe mlangoni. Tarehe 29 Julai 2024 watoto watatu wa kike waliuawa katika mji wa Southport. Kabla jua halijazama mitandao ilishasema muuaji ni mwomba hifadhi aliyekuja kwa boti, na jina la kubuni wakampa. Alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff, wazazi wake Wanyarwanda. Polisi walisema mapema kwamba amezaliwa Cardiff, lakini hawakusikilizwa, misikiti na hoteli za waomba hifadhi zikashambuliwa. Likitokea jambo kama lile, ngoja taarifa ya polisi, usisambaze video, na kama unatoka shifti ya usiku muombe mwenzako mwenye gari akufikishe hadi mlangoni.

Bendera nazo. Majira ya joto ya 2025 ile nyeupe yenye msalaba mwekundu ilitundikwa kwenye nguzo za taa miji mingi, na mizunguko ya barabarani ikapakwa rangi. Wako waliotundika kwa kuipenda nchi yao, wako waliotundika ili mimi na wewe tuione. Kitambaa ni kile kile, hutaweza kukisoma. Msome jirani. Wa kwangu aliweka moja dirishani, na ndiye anayenipokelea vifurushi nikiwa nimelala mchana.

Sasa kura, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Ukiwa raia wa Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda, unaishi huku na una kibali halali cha aina yoyote, unayo haki ya kupiga kura ukifika miaka 18: ya udiwani, na ya ubunge pia. Hungojei ukaazi wa kudumu wala pasi ya rangi ya samawati. Ni haki ya watu wa Jumuiya ya Madola, na wenzetu wengi hawajui kuwa wanayo. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na wenye pasi za Oman hawamo, ila wakiwa Scotland au Wales wakiwa na kibali wanaweza kupiga kura ya bunge la huko na ya halmashauri. Asithubutu mtu kuandika uraia usio wake. Ni kosa la jinai, na faili lako la viza halihitaji doa.

Kujiandikisha ni mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali ya gov.uk, dakika kama tano. Uwe na namba yako ya National Insurance, ile inayotumika kwenye makato ya mshahara. Majina yaandike kama yalivyo kwenye pasi, yote matatu kama ni matatu, maana siku ya kura yatalinganishwa. Mwisho wa kuandikishwa ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Ukihama nyumba, unajiandikisha upya, na sisi wapangaji tunahama sana. Faida ya pembeni ambayo haitangazwi vya kutosha: jina lako likiwa kwenye daftari, benki na kampuni za simu hukuona mtu wa kuaminika zaidi unapoomba mkopo au mkataba.

Uchaguzi huwa Alhamisi, siku ya kazi, hakuna mapumziko. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Kama shifti zako hazitabiriki, omba kura ya posta mapema. Ukienda mwenyewe, beba kitambulisho chenye picha. Pasi yako ya Tanzania au Kenya inakubalika, hata ikiwa imekwisha muda mradi sura bado ni yako. Leseni ya udereva ya Uingereza pia. Viza ya kwenye simu na kitambulisho cha kazini usivitegemee. Usiye na chochote, kuna cheti cha kupigia kura kinachotolewa bure.

Ndani utashangaa palivyo kimya. Ukumbi wa kanisa, meza, mama wawili wenye rula wanaokata jina lako kwenye orodha, kibanda cha mbao, na penseli iliyofungwa kwa kamba. Hakuna wino kidoleni. Kwenye kura ya ubunge unaweka alama ya X mbele ya jina moja, hukuti sehemu ya kumchagua waziri mkuu. Yeye hutokana na wabunge, na chama kinaweza kumbadilisha katikati bila kukuuliza: mwaka 2022 peke yake nchi ilikuwa na watatu. Kwa hiyo angalia jimbo lako. Mwaka 2024 chama cha Reform UK cha Nigel Farage, kinachotaka wahamiaji wapunguzwe, kilipata asilimia 14 ya kura nchi nzima kikaambulia viti 5. Chama cha Liberal Democrats kwa asilimia 12 kikapata 72, kwa sababu kura zake zilikuwa zimekusanyika kwenye majimbo fulani. Jimbo linaloshindaniwa kwa kura mia chache, watu wa kea wa nyumba moja ya wazee ni kitu.

Na kabla ya siku hiyo, mwandikie mbunge wako hata kama hujampigia. Anawajibika kwa kila anayeishi jimboni. Weka anwani yako na postikodi juu ya barua, la sivyo ofisi yake haitaishughulikia. Eleza jambo moja tu, kwa mfano ombi la viza lililokwama miezi, na namba ya kumbukumbu. Mengine yote yaache kwa barua ya pili.