Kabla ya kumtia mtu alama nyekundu, muulize

Mwaka wa 19 huu nauza duka Wete, Pemba. Wateja wangu wengi wanaishi kwa karafuu, na karafuu haina mwisho wa mwezi, kwa hiyo duka langu haliendi bila daftari la deni. Na mwenye daftari la deni kila siku anawahukumu watu. Huyu mpimie kilo mbili, huyu mwambie sukari imekwisha. Nimewadhulumu wengi kwa hukumu hizo. Namna ninayofanya sasa imetokana na kosa moja, nalo nalieleza kwanza.

Msimu wa juzi mchumaji mmoja, mteja wangu wa miaka, aliacha kupita mbele ya duka. Nilikuwa namdai shilingi 47,000. Nikawa namwona anashuka njia ya chini, ya matopeni, ambayo kwa mtu aendaye sokoni ni mzunguko mtupu. Sikukurupuka. Nilikaa nikajitia katika nafasi yake: ningekuwa mimi nadaiwa na mkononi sina kitu, ningepita wapi? Ningepita njia ya chini. Basi nikawa na yakini. Nikatia alama nyekundu kwenye jina lake, na jirani yangu wa duka la vitambaa nikamwambia asimkopeshe.

Kumbe mwenzangu alikuwa amepita siku moja akatoa salamu, nami nina simu sikioni na huku namhesabia mtoto chenji. Sikumsikia. Yeye akaona nimemnyima jibu la salamu kwa ajili ya deni, na kwetu kutoitikia salamu ni jambo zito. Nusu ya fedha alikuwa nayo. Aliona haya kumletea nusu mtu aliyemnunia. Miezi miwili tukakwepana hivyo, kila mmoja na dhana yake.

Binti yangu anasoma Unguja, na alipokuja likizo nikamsimulia. Akanisomea utafiti wa Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley, uliotoka 2018. Walifanya majaribio 25. Watu waliambiwa wajitie katika nafasi ya mwenzao, kisha wabashiri: uso huu una hisia gani, tabasamu hili ni la kweli au la kujilazimisha, huyu anasema kweli au anaongopa, mke wangu au mume wangu anapenda nini. Wengi walioulizwa kabla waliamini kwamba kujitia katika nafasi ya mtu kutawasaidia. Haikuwasaidia. Kwa jumla waliojitia walikosea zaidi kidogo, na mara nyingine wakazidi kujiamini. Kilichosaidia ni kumuuliza mwenyewe. Niliposikia hapo nilinyamaza, maana ndiyo yakini yangu ile ya njia ya chini.

Sasa nafanya hivi.

Nikimshuku mtu, naandika nyuma ya daftari kile nilichokiona kwa macho tu. "Hajapita tangu Ijumaa ya kwanza ya mwezi." Neno "anakimbia deni" siliandiki, kwa sababu hilo sikuliona, nimelitunga. Jaribu siku moja utashangaa, katika mambo kumi unayoyajua juu ya mtu, machache tu uliyaona. Qur'ani inatukataza dhana nyingi, ikatwambia baadhi ya dhana ni dhambi (49:12). Tunaisoma tangu utotoni, chuo cha Qur'ani, lakini kalamu ndiyo inayonionyesha dhana yangu imeanzia wapi.

Halafu najiuliza mtu yule alikuwa na haraka gani, au shida gani, saa ile. Wamarekani wawili, John Darley na Daniel Batson, walieleza jaribio lao mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi wa chuo cha dini cha Princeton, wakawatuma jengo la pili kwenda kutoa hotuba. Njiani walimweka mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Waliokuwa na nafasi, 63 katika kila 100 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, 10 tu. Na baadhi yao hotuba yenyewe ilikuwa juu ya kisa cha Msamaria aliyemhurumia majeruhi njiani! Anayemwona mmoja wao akipita atasema hana moyo. Mimi siku ya salamu ile nilikuwa na haraka kama wao, na mwenzangu akasoma moyo wangu kwa haraka yangu.

Kisha uliza, na hapa ndipo pagumu, kwa sababu Pemba watu tunastiriana. Swali baya linaweza kumvua mtu nguo hadharani. Usiulize dukani watu wamesimama. Usimtume mtoto. Usiulize siku anayopokea fedha za karafuu, ataona umemvizia. Mimi ni mwanamke, na mteja wangu ni mume wa mtu, kwa hiyo nilikwenda kwao baada ya alasiri na mwanangu wa kiume, mkewe yupo. Nikapiga hodi, tukajuliana hali mpaka zikaisha: wazima, watoto wazima, shamba vipi. Ndipo nikasema, "Mwanangu, siku nyingi sijakuona kupita kwangu. Pana nini?" Hapo nikanyamaza. Usimsaidie kujibu. Ukisema "au ni lile deni?", umeshampa jibu lako alirudishe. Na neno "kwa nini" liweke mbali, linasikika kama la polisi. Alikaa kimya kitambo kirefu, mkewe akaleta chai, na baada ya chai akasema, "Mama, mimi nilidhani wewe ndiye hunitaki."

Yako mambo siulizi kabisa, ya maradhi na ya ndani ya ndoa. Hayo nayaacha nje ya daftari, na unga natoa.

Na wapo wanaokimbia deni kweli. Ukiuliza hivi nao unawajua, kwa sababu mwenye shida anakupa maelezo na siku, na mkwepaji anakupa maneno matamu bila ya siku.

La mwisho ndilo lililonigharimu zaidi. Ukigundua umekosea, kamfuate kila uliyemwambia. Nilikwenda duka la vitambaa siku ileile kabla ya magharibi, nikasema mbele ya walewale waliokuwapo barazani kwamba nilimsingizia mtu. Alama nyekundu haikufutika, ilikuwa ya wino. Jina lake nikaliandika upya ukurasa mwingine, na chini yake nusu aliyonipa siku ile.