Kabla hujashika bisibisi: mambo ya kuweka sawa kwanza ukitaka kubadili diski (hard disk) ya laptopu ya zamani

Kuna laptopu ambayo ukiiwasha unaenda kuoga, unavaa, unarudi na bado inazungusha tu yale madoa, na mwenye nayo akishasikia kwamba akiweka SSD (diski isiyo na sahani ya kuzunguka) itafufuka basi siku hiyohiyo anatafuta bisibisi. Mi namwelewa kabisa, na ni kweli, kwenye mashine ya zamani hamna kitu kimoja kinacholeta tofauti kama hicho. Ila kufungua na kubadili diski yenyewe ni kazi ya nusu saa, na katika watu wote niliowaona wakilia baada ya hiyo kazi, karibu wote waliumizwa na kitu ambacho hawakukifanya jana yake.

Anza na data, na kabla hata ya bakapu jiulize swali moja: hii diski ya zamani ni nzima ila ni taratibu, au inaumwa? Maana hizo ni safari mbili tofauti. Iwashe mahali pametulia, sogeza sikio karibu na sehemu unapoweka kiganja ukiwa unaandika, maana mara nyingi diski iko hapo chini. Ikiwa nzima inavuma tu. Ukisikia kat, kat, kat inayojirudia, au mkwaruzo, au mashine inaganda kila ukigusa folda fulani, hiyo inaumwa. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, ifungue utafute mistari miwili, Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count. Sifuri tupu ni habari njema. Huo mstari wa Pending ukiwa na namba nyingine yoyote maana yake kuna sehemu diski imejaribu kusoma ikashindwa, na kama zile namba zimechanganyika na herufi usishtuke, programu yenyewe huziandika hivyo mwanzoni, unaweza kuigeuza kwenye mipangilio yake ziwe namba za kawaida.

Sasa ikiwa inaumwa, tafadhali sana usiiendeshee chkdsk (ile ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski), usiifanyie defragi (kupanga upya vipande vya mafaili), wala usiiache usiku kucha ikiskani virusi. Dada yangu mmoja aliletewa msaada wa aina hiyo na mtu mwenye nia nzuri tu, akaona diski ina makosa, akabonyeza irekebishe, wakalala. Asubuhi mashine ilikuwa haioni diski kabisa, na humo ndani ndo kulikuwa na picha za mwanae miaka miwili ya kwanza, hazipo kwenye simu, hazipo popote. Diski inayoumwa ina nguvu kidogo zilizobaki, na hizo nguvu zitumie kutoa vitu nje, kuirekebisha siyo kazi yake tena. Toa kwanza visivyorudi, picha na nyaraka, muziki na muvi zisubiri. Kama unaweza kutumia Linux kidogo (mfumo mwingine badala ya Windows), programu ya ddrescue imetengenezwa kwa hali hii, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi afu ndo inarudi kwenye zile ngumu, na ukiitajia faili la kumbukumbu inaandika humo ilipofikia hata ukikatisha katikati. Na ikiwa inagonga kwa nguvu na humo kuna kitu ambacho huwezi kukikosa maishani, zima, usijaribu tena, peleka kwa watu wa kuokoa data.

Ikiwa nzima, piga bakapu kwa utulivu, ila usikopi My Documents tu ukaridhika. Vitu vinavyosahaulika ni vilevile kila siku: desktopu yenyewe, Downloads, paswedi na bukumaki zilizokaa ndani ya brauza, mafaili ya PST kwa wanaotumia Outlook, na data za programu za biashara au za mahesabu ambazo zinajificha kwenye folda zao huko ndani ya C wala siyo kwenye nyaraka zako. Programu za kulipia nyingine zinataka uziondolee usajili kwenye mashine kabla, la sivyo ukija kuziweka upya zinakwambia leseni inatumika pengine. Ukimaliza, chukua hiyo diski ya bakapu uichomeke kwenye kompyuta NYINGINE ufungue mafaili kadhaa kwa macho yako, picha, waraka, video. Bakapu ambayo hujaifungua bado ni matumaini tu. Na angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, maana kuna mashine zinajifunga zenyewe mwenyewe hujui, ukija kuichomoa na kuisoma kwa USB inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft au popote ulipouhifadhi, uuandike kwenye karatasi.

Haya, diski mpya. Usinunue kwa kukisia, geuza laptopu soma namba ya modeli chini, daunlodi kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo, watengenezaji wengi wanaviweka bure na vinaonyesha mpaka skrubu ziko ngapi. Laptopu nyingi za zamani zinachukua diski ya inchi 2.5 ya SATA (namna ya kuunganisha diski na mashine), ila zile za kale zaidi zina IDE, yenye safu mbili za pini nyembamba, na hapo SSD ya kawaida haiingii kabisa. Unene nao una maneno yake: diski nyingi za zamani ni milimita 9.5, SSD karibu zote ni 7, inaingia lakini inaweza kucheza ndani, kwa hiyo tafuta kile kifremu cha plastiki cha kujazia. Ikiwa mashine yako ni ya M.2, yaani inachukua SSD nyembamba kama kadi, soma vizuri kama ni ya SATA au NVMe (ni namna mbili tofauti za kuongea na mashine), zinafanana sana kwa macho na zote zinaweza kuandikwa 2280, maana hiyo 2280 ni vipimo tu, milimita 22 kwa 80, haikwambii inaongea lugha gani.

Halafu usibebe mfuko kununua SSD yenye kasi kali kuliko zote. Laptopu yenye SATA 2 mwisho wake ni kama megabaiti 300 kwa sekunde hata uweke iliyoandikwa 550. Na wala hutajuta, kwa sababu kinachokutesa kwenye diski ya zamani siyo hizo megabaiti, ni kusubiri. Sahani inazunguka mara 5400 kwa dakika, kichwa kinasogea kutafuta kila kipande cha faili, kila kutafuta ni milisekunde kumi na kitu, na Windows ikiwaka inatafuta maelfu ya vipande. SSD haina cha kuzungusha, inafika papo hapo, ndo maana hata ile ya kawaida inafanya mashine ionekane mpya. Kuhusu ukubwa, kumbuka ya GB 500 itasoma kama 465 hivi, haujaibiwa, ni namna Windows inavyohesabu. Ila wapo wanaoibiwa kweli, SSD feki imeandikwa ukubwa mkubwa ndani kuna kidogo, kwa hiyo kabla muda wa kurudisha haujaisha ichomeke kwa USB uijaze mpaka mwisho kwa programu ya kupima ya H2testw, au F3 kwa Linux, uone kama inarudisha ilichopewa.

Jambo la kuamua mapema ni kukloni (kunakili diski yote kama ilivyo kwenda mpya) au kupiga Windows upya. Diski nzima na mfumo uko safi, kloni, utahitaji kebo ya SATA kwenda USB. Diski inaumwa au Windows imejaa takataka za miaka, piga upya, usihamishe ugonjwa kwenye nyumba mpya. Na hapa ndo watu wanakwama vibaya, fleshi ya kupigia Windows (GB 8 au zaidi) itengeneze KABLA hujachomoa diski, kwa sababu ukishachomoa hiyo laptopu haina tena pa kuwakia, na kama ndo kompyuta pekee nyumbani umebaki na simu tu mkononi. Kwenye hiyohiyo fleshi weka na draiva ya WiFi, maana Windows mpya ikikosa draiva ya WiFi huwezi kuingia mtandaoni kuitafuta.

Leseni isikutoe jasho sana. Windows 10 na 11 zilizoaktiveti kidijitali zimefungwa zaidi na mazabodi (bodi kuu ya ndani), kubadili diski hakuifuti, wakati wa kupiga unachagua huna ufunguo na ikishaingia mtandaoni inajitambua. Mashine zilizokuja na Windows 8 kupanda nyingi zina ufunguo ndani ya BIOS (programu ndogo ya mashine inayowaka kabla ya Windows), za Windows 7 tazama stika chini, ipige picha kabla haijafutika zaidi. La kufikiria zaidi ni kwamba sapoti ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine nyingi za zamani hazina, kwa hiyo kama unaanza upya kabisa Linux Mint (aina moja ya Linux) ni chaguo la heshima, mi nimewawekea watu wasiojua kompyuta sana na wanaendelea na maisha. Ingia pia BIOS upige picha kurasa zake kwa simu, hasa palipoandikwa AHCI au IDE na UEFI au Legacy, kwa sababu ukikloni afu hizo zikabadilika mashine inaweza kugoma kuwaka ukadhani umeharibu diski.

Meza sasa. Bisibisi ya nyota ndogo namba 0 yenye ncha nzima, ncha iliyolika inakula kichwa cha skrubu na hapo umejifungia nje. Kadi ya plastiki ya kubanulia kava, kisu hapana. Na karatasi: chora umbo la laptopu, kila skrubu unayotoa ichomeke kwenye karatasi palepale ilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu, na ndefu ikirudi kwenye tundu la fupi inatokeza upande wa juu au inachoma mazabodi. Skrubu zingine zimejificha chini ya vile vimiguu vya mpira na chini ya stika. Betri inatoka kwanza, ikiwa ya ndani chomoa soketi yake, afu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama 15 umeme uliobaki uishe. Ukikuta betri imevimba simama hapohapo, usiitoboe wala kuikandamiza.

Ukilazimika kunyanyua kibodi utakutana na ule utepe mwembamba. Usiuvute. Angalia soketi yake kwa tochi, utaona kijimfuniko cheusi au cheupe, kinyanyue kwa kucha taratibu na utepe utateleza wenyewe. Diski nayo inakaa kwenye kifremu cha chuma chenye skrubu nne, pengine na adapta ndogo mbele ambayo watu huitupa pamoja na diski ya zamani wakidhani ni sehemu yake. Vyote hivyo vinahamia kwenye SSD.

Diski ya zamani usiifute siku hiyo. Iandike tarehe, iweke kabatini mwezi mzima au zaidi, maana faili uliyoisahau hukumbukwa wiki ya tatu.

Na kabla hujarudisha skrubu zote, bana mbili tatu tu, rudisha betri, washa uingie BIOS uone kama jina la SSD linasomeka pale. Lisiposomeka, zima, toa betri, chomoa SSD uisukume tena mpaka isikike imekaa.