Jinsi ya kuomba usajili wa bahati nasibu ya chama Uingereza, na habari ya kodi yake

Swali la kwanza analorushiwa mhazini kikaoni ni hili: "Hizi tiketi zetu, HMRC (watu wa kodi wa Uingereza) hawatatudai?" Kwa kawaida tiketi ya bahati nasibu hutozwa ushuru wa asilimia 12 ya bei yake, na huo ndio unaolipiwa tiketi za Bahati Nasibu ya Taifa. Bahati nasibu za vyama visivyo vya biashara zimesamehewa, ilimradi ziendeshwe kwa kufuata Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2005. Nia njema pekee haiwakingi. Kinachowakinga ni karatasi.

Kwanza angalieni kama mnahitaji usajili. Mkiuza tiketi ukumbini tu, wakati sherehe ya Idi au ya Uhuru ikiendelea, hamsajiliwi popote, ila msikate zaidi ya £100 za gharama wala £500 za zawadi kutoka kwenye mauzo. Mkitaka kuanza kuuza wiki kadhaa kabla, misikitini, makanisani na majumbani, hapo lazima mwende halmashauri. (Na kama wanachama wengi ni Waislamu, lijadilini suala la uhalali wake kidini kabla ya kuchapisha hata tiketi moja. Nimeona chama kikibaki na maboksi ya tiketi.)

Mnaomba kwenye halmashauri ilipo ofisi kuu ya chama. Kwenye tovuti yake tafuteni maneno "small society lottery", maana ndilo jina la fomu. Ambatisheni katiba ya chama inayoonyesha kuwa hakuna mtu anayegawiwa faida, kisha lipeni £40. Kila mwaka baada ya hapo ni £20. Haya ni ya England na Wales. Scotland mnakwenda kwenye bodi ya leseni ya eneo lenu, na Ireland ya Kaskazini ina sheria yake. Mauzo ya droo moja yakivuka £20,000, au ya mwaka mzima yakivuka £250,000, halmashauri haiwahusu tena: mnahitaji leseni ya Tume ya Michezo ya Kubahatisha.

Tiketi iandikwe jina la chama, bei, jina na anwani ya mwanachama anayeisimamia bahati nasibu, na tarehe ya droo. Bei iwe moja kwa wote, kwa hiyo ule mtindo wa "tano kwa bei ya nne" uacheni. Mnunuzi awe ametimiza miaka 16. Barabarani hamruhusiwi kutembeza tiketi, lakini kubisha hodi nyumba kwa nyumba ni sawa.

Sasa hesabu. Angalau asilimia 20 ya mauzo iende kwenye lengo la chama. Tuseme mmeuza tiketi 800 kwa £2, jumla £1,600. Basi £320 haziguswi, na zawadi pamoja na uchapishaji visizidi £1,280. Mkitumia £700 kwa zawadi na £90 kwa mchapaji, lengo linabaki na £810. Tiketi hazina VAT. Aliyeshinda halipi kodi ya mapato kwa zawadi yake. Ila msidai Gift Aid (nyongeza ambayo serikali hulipa juu ya sadaka kutokana na kodi ya mtoaji) kwa fedha za tiketi, hata kama mnunuzi amesema "chukua tu, ni sadaka": amepata nafasi ya kushinda, kwa hiyo hakutoa zawadi.

Kinachowaponza wengi ni ripoti ya baada ya droo. Ipelekwe halmashauri ndani ya miezi mitatu, ikionyesha tarehe za kuuza na za droo, mauzo yote, zawadi, gharama, kilichokwenda kwenye lengo, na kama kuna gharama iliyolipwa kutoka mfuko mwingine. Isainiwe na wanachama wawili watu wazima walioteuliwa na chama kwa maandishi, na nakala za barua za uteuzi ziambatane. Ya kwetu ya kwanza ilirudi. Mwenyekiti na mimi tulisaini vizuri kabisa, lakini barua za uteuzi hatukuwa nazo, kwani nani amteue mwenyekiti kuwa mwenyekiti? Tukaitisha kikao cha dakika kumi kwenye simu, katibu akaandika barua mbili, tukatuma upya siku nne kabla ya muda kwisha. Sasa hivi barua hizo tunaziandika siku ileile tunapoagiza tiketi.