Kukata maneno marefu ya Kiingereza

Chukua neno lililo kwenye jina la uwanja wa ndege wa Mombasa: international. Mtoto aliyezoea Kiswahili hutaka kila silabi iishie na irabu, akasoma "i-nte-rna". Hapo ndipo anapokwama, kwani Kiingereza hufunga silabi nyingi kwa konsonanti.

Ziba kwanza viambishi kwa kidole, inter mbele na al nyuma; hubaki nation. Sasa kata silabi: in-ter-na-tion-al, tano. Tion haipasuliwi, nayo husomwa "shan".

Hesabu irabu zinazosikika, si zilizoandikwa; cake ni silabi moja tu. Konsonanti mbili kati ya irabu hutenganishwa, nap-kin, ila sh, th na ch kwa kawaida usizipasue: fa-ther. Konsonanti ikiwa moja, kata kabla yake, ti-ger. Neno lisipotambulika kwa kusomwa hivyo, kata baada ya konsonanti hiyo, cab-in.