Kutia rangi aota ya panya: safisha nje kwanza

Aota, mshipa mkubwa utokao kwenye moyo, ya kwanza niliyoitia rangi ilitoka nyekundu pyu, juu hadi chini. Nilifurahi mno. Msimamizi wangu akaibinua kwa ncha ya fosepu (kibano), akauliza, "Haya mafuta ni ya ndani au ya nje?" Yalikuwa ya nje. Oil Red O, rangi nyekundu ya mafuta, haichagui: inashika mafuta yoyote inayoyakuta, yawe utando wa ndani ya mshipa (mafuta yaliyojijenga ukutani, ndiyo tunayoyapima) au shahamu iliyouzunguka.

Panya wetu ni wale walioondolewa jeni ya ApoE, aina iliyotengenezwa mwaka 1992. Hawawezi kuondoa lehemu (kolesteroli) kwenye damu ipasavyo, kwa hiyo mishipa yao hujenga utando, hasa wakilishwa mafuta mengi kwa wiki kadhaa. Panya akishauawa kwa utaratibu ulioidhinishwa, toboa chemba ya juu kulia ya moyo damu ipate pa kutokea, kisha sukuma maji ya chumvi polepole kupitia chemba ya chini kushoto. Tazama ini. Likipauka, damu imetoka. Hifadhi aota kwenye paraformaldehaidi ya 4% usiku kucha, kwenye baridi.

Sasa kazi yenyewe. Weka aota chini ya darubini ya kupasulia, ikiwa imelowa muda wote. Ukuta wa mshipa unapitisha mwanga kidogo. Shahamu ni nzito, haipitishi, na inang'ang'ania. Fosepu ishike shahamu tu, kamwe isishike ukuta. Vuta kidogo, kata kilichonyanyuka, sogea. Vijishipa vya ubavuni vikate karibu na ukuta, maana shahamu hupenda kujificha penye vishina vyake. Mimi humaliza moja kwa saa nzima, na sioni haya. Anayemaliza kwa dakika kumi namhurumia atakapofika kwenye kupima.

Ifungue kwa urefu, uitandaze kwa pini nyembamba juu ya nta nyeusi, ndani ikikutazama. Hata kabla ya rangi utaona mabaka meupe kwenye mkunjo wa ndani wa upinde wa aota na kwenye midomo ya matawi. Huko damu haiendi moja kwa moja, inazungukazunguka, na ndiko utando unakopenda kuanzia.

Rangi: akiba yangu, yaani rangi nzito ya kuanzia, ni 0.5% kwenye isopropanoli. Changanya mafungu matatu ya akiba na mawili ya maji, subiri dakika kumi, chuja. Usipochuja, chembe za rangi zitatua ukutani na utazihesabu kama utando. Ukimaliza kutia rangi, suuza kwa isopropanoli ya 60% mpaka ukuta mtupu urudi kuwa mweupe, kisha maji. Ukizidisha, unaosha na utando wenyewe.

Piga picha, pima kwa ImageJ, programu ya kompyuta ya kupima picha: eneo jekundu gawanya kwa eneo lote, zidisha kwa 100. Kabla ya hapo mwombe mwenzako abadilishe majina ya mafaili, usijue panya yupi alipewa dawa inayojaribiwa. Jicho hupendelea.

Asilimia hiyo ni ya eneo, si ya unene. Ukitaka unene, kata vipande vya mzizi wa aota, pale inapotokea moyoni. Na utando wa panya hupasuka kwa nadra sana, tofauti na wa binadamu, kwa hiyo matokeo mazuri hapa usiyaandike kuwa dawa imezuia mshtuko wa moyo.